Orodha ya vitabu arubaini vya nadharia: mwalimu wa Wete aanzie wapi?

Swali: Assalaam alaykum. Nafundisha Historia skuli ya sekondari hapa Wete. Nimekubaliwa kusoma uzamili wa sosholojia kwa masafa, na muhula unaanza baada ya miezi minne. Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu. Sosholojia nimeigusa juu juu tu. Nimetumiwa orodha ya vitabu vya nadharia inayokaribia arubaini, na haisemi kipi cha kuanzia na kipi cha rejea. Nimenunua kimoja kinene, nimesoma kurasa sitini, nikikifunga sikumbuki kitu. Nisome vitabu gani, na kwa mpango gani? Na je, kuna chochote kwa Kiswahili, au kinachotuhusu sisi watu wa visiwani?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwalimu.

Kitabu chako hukukitaja jina, ila kwa maelezo yako kitakuwa Sociological Theory cha George Ritzer au chengine cha ukoo huo. Si kibaya. Taabu yake ni kwamba vitabu hivi vimepangwa kwa majina ya watu: Comte, Spencer, Marx, Durkheim, Weber, Simmel, halafu Parsons na wenziwe, mpaka unafika kwa walio hai. Kila mmoja anapewa wasifu, istilahi zake, na waliompinga. Anayeanza nacho ukurasa wa kwanza anajazwa majibu ya watu kabla hajajua walikuwa wanabishana nini, na ndiyo maana ukikifunga hakikuachii kitu. Kiweke mezani. Utakihitaji baadaye, cha kufungua pale ulipokwama, sura moja ya mtu mmoja, kisha unakirudisha.

Ushauri wangu ni huu: shika jambo moja la hapo hapo Pemba linalokutatiza, na kila mwandishi utakayemsoma umuulize angelisemaje juu yake. Mimi wanafunzi wangu huwapa karafuu za magendo, na nitakuonyesha hapa chini linavyofanya kazi. Lakini kwanza tumalizane na vitabu vya utangulizi.

Anza na C. Wright Mills, The Sociological Imagination, kilichotoka 1959. Sura ya kwanza ni fupi, unaimaliza baina ya Laasiri na Magharibi. Humo Mills anatenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, anasema, akiwa mmoja tu hana kazi, mtazame yeye: tabia yake, ujuzi wake, fursa zilizo mbele yake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakiwa milioni 15 hawana kazi, kumtazama mmoja mmoja hakukupi jibu. Ijaribu kwenye skuli yako. Mwanafunzi mmoja akitoroka, unamwita mzazi wake. Madawati yakibaki matupu kila ukifika msimu wa kuchuma, mzazi huyo hata umwite mara ngapi hana jibu lako. Sasa unaulizia bei, ujira, umiliki wa mashamba, na nani ndani ya nyumba anategemewa alete pesa.

Sura ya pili ya Mills inachekesha. Anachukua vifungu virefu vya Talcott Parsons kutoka The Social System cha 1951, anavifupisha kwa mistari michache ya Kiingereza cha kawaida, kisha anauliza yale mengine yote yalikuwa ya nini. Nakutajia hili kwa makusudi. Parsons utakutana naye kwenye kozi, na ukiona haeleweki usidhani kosa ni Kiingereza chako. Wamarekani wenziwe walilalamika. Mwisho wa kitabu pana kiambatisho juu ya kazi ya msomi: namna ya kuweka jalada la mawazo, kuandika kila kinachokupitia, kulipanga upya jalada mpaka vitu ambavyo hukudhani vinahusiana vikutane. Hicho kisome kabla muhula haujaanza, na jalada ulifungue siku hiyo hiyo.

Kitabu cha pili, na hapa wenzangu wengine hatutakubaliana, ni Capitalism and Modern Social Theory cha Anthony Giddens, cha 1971. Wengi wataona ni kigumu mno kwa anayeanza. Mimi naona ugumu wake ni wa haki. Kinachukua watu watatu tu, Marx, Durkheim na Weber, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe na kwa mpangilio wa vitabu vyake, na mwisho kinawakutanisha. Ukiwaelewa hao watatu, nusu ya orodha yako inakuwa nyepesi, kwa sababu waliokuja baadaye wanagombana nao au wanagombania urithi wao. Ukikwama humo, nenda kwa Randall Collins, Four Sociological Traditions, cha 1994. Yeye hapangi watu kwa majina, anawapanga kwa mila nne za kufikiri: wanaoanzia kwenye mgongano, wanaoanzia kwenye hesabu ya faida na hasara, wanaoanzia kwenye mshikamano na ibada, na wanaoanzia kwenye maingiliano ya ana kwa ana. Ni mgawanyo wake yeye, una kasoro, lakini unakupa mahali pa kutundika majina.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Historia, utampenda Lewis Coser, Masters of Sociological Thought, cha 1971: kwa kila mwanafikra anaeleza kazi yake, maisha yake, mazingira ya fikra aliyokulia na hali ya jamii iliyomzunguka. Haralambos, mwenye Sociology: Themes and Perspectives, ambaye wanafunzi wetu wengi hupita kwake, ni mzuri kwa istilahi, ila mifano yake ni ya Uingereza na nadharia anaipitisha mbio. Kama kitabu chake tayari unacho, kitumie. Usinunue kwa ajili hii.

Sasa karafuu.

Hali unaijua kuliko mimi. Kisheria karafuu za Zanzibar mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali, peke yake. Ng'ambo bei ikiwa nzuri zaidi, baadhi ya magunia hupita bandari bubu usiku, yakavuka kwenda Kenya. Kwa Serikali hilo ni kosa kubwa. Kijijini, mtu anayejulikana kuwa alivusha magunia mawili ya karafuu zake mwenyewe haachi kusalimiwa, wala haachi kualikwa harusini. Lakini mtu akishikwa amezoa usiku karafuu za jirani zilizoanikwa kwenye jamvi, hiyo ni fedheha itakayomfuata na watoto wake. Vitendo viwili, vyote viwili sheria inavikataza. Kimoja kijiji kinakionea haya, kingine hakikioni kuwa haramu. Kwa nini?

Mchukulie Durkheim, The Division of Labour in Society, 1893. Soma sura ya pili ya sehemu ya kwanza tu. Hoja yake ni kwamba kitendo hatukilaani kwa sababu ni jinai. Ni jinai kwa sababu tunakilaani. Jinai ni kile kinachojeruhi dhamiri ya pamoja, zile hisia kali ambazo watu wa jamii moja wanazo kwa pamoja. Basi wizi wa kwenye jamvi ni jinai kamili, na magendo je? Hapo Durkheim mwenyewe anashtukia tatizo. Anakiri kwamba yapo makosa ambayo dola inayaadhibu kwa ukali kuliko watu wanavyoyachukia. Jibu lake ni kwamba utawala ukishasimama kuwa mlinzi wa dhamiri hiyo, unakuwa alama yake, unapata nguvu ya kujilinda wenyewe, na anayeugusa anaadhibiwa kwa kuugusa. Soma mara mbili hapo, kisha jiulize: jibu hilo linatosha kwa Pemba, mahali ambapo imani ya watu kwa utawala imepanda na kushuka kwa sababu ambazo sina haja ya kukukumbusha? Mwanafunzi anayeuliza swali hilo anasoma nadharia. Aliyeandika kwenye daftari kwamba mshikamano uko wa aina mbili, akapiga mstari chini yake, bado.

Kutoka hapo nenda kwa Weber, Economy and Society, kilichochapishwa baada ya kufa kwake mwaka 1920. Usitishike na ukubwa. Fungua sehemu ya kwanza, sura ya kwanza, kifungu cha tano kinachohusu uhalali wa utaratibu. Ndani yake pana sentensi moja niipendayo kuliko kurasa mia za vitabu vya kiada: mwizi, anasema Weber, anaitambua sheria ya jinai kwa kule kujificha kwake. Angekuwa haihesabu kuwa ipo, asingejificha. Sasa tazama mashua inayosubiri kiza. Mvushaji anamkimbia askari wa doria, lakini je, anamkimbia jirani? Kama jirani ndiye anayemsaidia kubeba, basi kwa Weber pana taratibu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja juu ya mtu mmoja, naye anaongoza mwendo wake kwa zote mbili: kwa moja anajificha, kwa nyengine anatembea wazi. Weber anasema kinaganaga kwamba taratibu zinazopingana zinaweza kuwa na nguvu kwa wakati mmoja juu ya watu wale wale. Ukishaona hivyo, ile sura ya tatu juu ya mamlaka ya kimila, ya karama na ya kisheria, ambayo kila mtu huikariri, inakuwa na kazi ya kufanya.

Marx watakupa Manifesto ya 1848 na vipande vya Capital. Visome, lazima. Lakini wewe anza na kitu ambacho huenda hakimo kabisa kwenye orodha yako. Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 24, Marx aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Rheinische Zeitung juu ya sheria ya wizi wa kuni iliyokuwa ikijadiliwa na baraza la jimbo la Rhine. Maskini walikuwa na mazoea ya tangu na tangu ya kuokota kuni zilizoanguka msituni. Wenye misitu wakataka uokotaji uitwe wizi. Marx anauliza: tawi lililokwisha kukatika na mti wake lina uhusiano gani tena na mwenye mti? Na mazoea ya maskini kwa nini yafutwe, hali mazoea ya wakubwa yanaandikwa kuwa haki? Kisha anaonyesha dola inavyogeuka kuwa mtumishi wa mwenye msitu, hadi faini inayotozwa inaishia mfukoni mwake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1859, aliandika kwamba jambo hilo ni miongoni mwa yaliyomlazimisha kwa mara ya kwanza kushughulika na maslahi ya kiuchumi.

Uliyekulia Pemba sidhani kama unahitaji ufafanuzi. Watoto wanaookota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu ya watu, mwenye shamba anayewafukuza, na mwenye shamba mwengine anayewaachia kwa kuwa babake naye aliwaachia, wote wamo katika makala zile. Humo pia limo swali ambalo Durkheim na Weber hawakulianzia: nani aliyeamua kwamba hiki ni mali ya huyu? Kwa mashamba ya Pemba jibu lina historia inayopita kwenye utumwa, kwenye kufutwa kwake kisheria mwaka 1897, na kwenye eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Wa nne ni Mwafrika mwenzetu, Peter Ekeh wa Nigeria, na makala yake Colonialism and the Two Publics in Africa ya mwaka 1975. Ekeh anasema ukoloni umetuachia umma mbili. Moja ni ya ukoo, kabila, watu wa kwetu: huko mtu anatoa bila kuhesabu, na akiiba anahukumiwa na nafsi yake kabla ya watu. Nyengine ni ya dola: huko mtu huchukua anachoweza, na maadili yale ya nyumbani hayamfuati ofisini. Ni mtu yule yule mmoja, anaishi katika zote mbili. Naona Ekeh ndiye anayelikaribia zaidi swali letu la jamvi na bandari bubu. Hata hivyo usimkubalie moja kwa moja. Karafuu ya magendo ni ya mkulima mwenyewe, aliyoipanda au kuirithi, akaipalilia, akaichuma. Hakuichukua kwenye ghala la Serikali. Mtu huyo akikwambia hakuiba kitu cha mtu, anasimama kwa hoja ya Marx na wala hajui.

Na usiwasahau wale wa hesabu ya faida na hasara. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipopandishwa kwa kiasi kikubwa, karafuu nyingi zilirudi kwenye vituo vya ununuzi. Mchumi atakwambia: umeona, mambo ya dhamiri na umma mbili ni maneno tu, suala ni bei. Mjibu. Bei inaeleza kwa nini magendo yanapanda na kushuka. Inaeleza kwa nini mvushaji anaalikwa harusini? Kwani mwizi wa jamvi naye si alipiga hesabu ya faida?

Maandiko haya manne, vipande vifupi, yakikuchukua mwezi mzima usijali. Yasome ukiwa na jalada lako kando, na ukimaliza kila moja andika ukurasa mmoja: angelisemaje, na wapi hoja yake inalegea. Baada ya hapo ndipo umfungue Ritzer, sura ya Durkheim, uone anamweleza vipi. Utashangaa unavyoanza kubishana naye.

Vya rejea nitavipitisha haraka, kwa sababu watu hutumia pesa nyingi huko bure. Kamusi moja inakutosha. The Penguin Dictionary of Sociology ya Abercrombie, Hill na Turner ni ndogo na bei yake inavumilika. The Cambridge Dictionary of Sociology ya 2006, iliyohaririwa na Bryan S. Turner, ni nene zaidi na maingizo yake yanakaribia kuwa insha. Ensaiklopidia ya Blackwell ya 2007 ina juzuu 11. Hiyo ni ya maktaba ya chuo, usiiwaze. Kwenye mtandao Stanford Encyclopedia of Philosophy ina makala nzuri juu ya Weber na Marx, na Internet Encyclopedia of Philosophy inayo juu ya Durkheim. Zote mbili ni bure.

Namna ya kuitumia kamusi ndiyo muhimu. Ifungue baada ya kusoma, usitangulie nayo. Chukua anomia. Kwa Durkheim, hasa katika Suicide ya 1897, ni hali ya matamanio ya watu kukosa mpaka wa kuyazuia. Robert Merton mwaka 1938 akaihamisha: jamii inamwekea kila mtu lengo moja, utajiri, lakini njia halali za kulifikia haiwapi wote. Anayekariri ingizo la kamusi kabla ya kuwasoma huwachanganya hao wawili kwenye mtihani, na msahihishaji hulijua kosa hilo kwa mbali. Aliyekwisha kuwasoma anaifungua kamusi aone nani aliibadilisha dhana na lini.

Umeuliza kuhusu kinachotuhusu. Najua wapo watakaokwambia achana na Wazungu, Ibn Khaldun, yule mwanahistoria wa Kiarabu, aliyamaliza yote. Msome Ibn Khaldun, tena kwa raghba. Muqaddima aliiandika mwaka 1377, na kama Kiarabu chako cha chuoni na cha skuli kinakubeba, jaribu asili yake. La sivyo ipo tafsiri ya Franz Rosenthal ya 1958, juzuu tatu, na ufupisho wake wa juzuu moja uliofanywa na N. J. Dawood mwaka 1967. Anza na utangulizi wake juu ya wanahistoria. Anaikamata habari kwamba jeshi la Bani Israil wakati wa Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000, na anaanza kuuliza: jeshi hilo lingepangwa vipi uwanjani, lingetosha wapi, vizazi vingapi vingehitajika kulizaa? Kwa mwalimu wa Historia hilo ni darasa la bure.

Lakini usimtumie kama beji. Nimesahihisha insha nyingi zinazotaja nadharia yake ya dola kudumu vizazi vitatu, kiasi cha miaka 120, kisha zinahesabu: Sayyid Said kuhamia Unguja takriban 1840, Mapinduzi 1964, miaka 124, basi Ibn Khaldun alitutabiria. Hiyo ni ramli. Nguvu ya hoja yake iko kwenye asabiyya: namna mshikamano wa watu waliotwaa dola unavyolegea kwa starehe za mji na kwa kuajiri wageni wawalinde. Ukitaka kuijaribu kwa Busaidi, ukoo wa Sayyid Said, itabidi ueleze Waingereza, waliotangaza himaya yao hapa mwaka 1890, wanakaa wapi katika hoja hiyo. Ukifanya hivyo vizuri, una tasnifu.

Weber naye ana deni kwetu. Ametumia jina la kadhi kutaja aina ya hukumu inayotolewa kwa kutazama kesi moja moja bila kanuni za jumla, na alipenda kuilinganisha na sheria ya Ulaya iliyopangwa kimantiki. Kwa haki yake, aliona chembe za hukumu hiyo hata kwa mahakimu wadogo wa Uingereza. Lakini mtu wa Wete anayejua mahakama ya kadhi ilivyo atasoma kurasa hizo na kalamu mkononi. Zisome pamoja na An Islamic Court in Context cha Erin Stiles, cha 2009, aliyekaa kwenye mahakama ya kadhi huku Unguja akisikiliza kesi za ndoa na talaka na kufuatilia kadhi anavyofikia uamuzi. Kwa mapana zaidi upo Weber and Islam wa Bryan Turner, 1974. Na kama unataka kitabu kimoja cha kiada kinachowaweka Ibn Khaldun na Marx ndani ya jalada moja, bila ya kumfanya mmoja wao mapambo, ni Sociological Theory Beyond the Canon cha Syed Farid Alatas na Vineeta Sinha, 2017. Ningekuwa na uwezo ningekiweka kwenye kila orodha ya vyuo vyetu.

Kwa Kiswahili vitabu vya nadharia ni haba, na hutavitegemea kwa mtihani. Ila kipo kimoja cha zamani ambacho wanasosholojia wetu wanakipuuza: Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, sehemu kubwa ikiwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Humo mna malezi, ndoa, ngoma, madeni, waungwana na watumwa, yote kwa Kiswahili cha mtu anayeeleza watu wake. Nadharia hamna. Lakini soma anavyoeleza nani anamsalimia nani kwanza na nani anakaa wapi, kisha msome Erving Goffman, The Presentation of Self in Everyday Life, aliyeyatoa mengi kwenye kisiwa kimoja cha Shetland, akitazama watumishi wa hoteli wanavyobadilika wakitoka jikoni kuingia ukumbini. Aliyelelewa kwenye nyumba yenye baraza mbele na uani nyuma hataona shida kumfuata.

Na kwa historia yetu ikiwa imebeba nadharia ndani yake, Frederick Cooper, From Slaves to Squatters, 1980. Swali lake ni namna Waingereza walivyotaka kuwageuza waliokuwa watumwa wawe vibarua wa mshahara kwenye mashamba ya karafuu, na watu walivyokataa kwa kushika vipande vya ardhi na kufanya kazi kwa masharti yao. Kisome baada ya Marx, sambamba na Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, 1987, anayeieleza biashara ya karafuu na pembe kabla ya hapo. Utakikuta humo hata kile kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba nafasi ya kwanza.

Namna ya kuvipata: maandiko ya Marx yote niliyoyataja, pamoja na yale ya kuni, yapo bure kwenye Marxists Internet Archive. Makala ya Ekeh iombe kupitia maktaba ya chuo chako mara tu utakapopata namba ya usajili. Majarida mengi yanafunguka kwa akaunti ya chuo. Vipande vya vitabu, mtu mmoja akivipata mnakwenda steshenari mnatoa kopi, na kundi la wanafunzi watatu wanne wa Wete na Chake litakusaidia zaidi ya kitabu chochote, mradi kila mmoja aje na ukurasa wake ulioandikwa.

Jambo la mwisho ni la tafsiri, kwa sababu litakukuta kwenye kazi ya kwanza. The Division of Labour ina tafsiri ya George Simpson ya 1933 na ya W. D. Halls ya 1984, na kurasa hazilingani. Economy and Society nzima ni ya Roth na Wittich, 1968. Sehemu ya kwanza peke yake imetafsiriwa upya na Keith Tribe mwaka 2019, na kwa anayeanza hiyo ya Tribe inasomeka vizuri zaidi kwa maelezo anayoyaweka. Chagua moja, shikamana nayo muhula mzima, na unapotaja taja mwaka wa asili pamoja na mwaka wa tafsiri, usije ukaandika kwamba Durkheim alisema jambo fulani mwaka 1984.